Tangi la Furu

Tangi lilifika Kalangalala mchana wa Jumatatu, limelazwa juu ya magodoro ndani ya Fuso, na Martina alipoliona kutoka dirisha la jikoni aliendelea kuchambua mchele. Alimsikia mumewe, Maige, akiwaelekeza vijana wake washike pembe za chini, wasilikandamize kioo kwa juu. Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakiweka pembeni, akatafuta kingine.

Lilikuwa tangi la kufugia samaki, na urefu wake ulimzidi mtu mzima aliyelala. Maige aliliagiza kwa fundi vioo wa Mwanza wakati binti yao Nelly amelazwa huko kwa ajili ya ugonjwa wa damu wa sikoseli. Nelly alikuwa ameona furu kwenye tangi dogo pale mapokezi ya hospitali, wale samaki wadogo wa ziwani, wengine wa bluu, wengine wenye mapezi mekundu, akawa anaomba kila asubuhi apelekwe kwa kiti cha magurudumu akawaangalie. Baba yake akamwahidi kwamba akirudi nyumbani Geita atawakuta furu chumbani kwake, kwenye tangi kubwa, awatazame akiwa kitandani. Nelly alirudi, lakini hakurudi Geita. Walimpitisha moja kwa moja mpaka Ushetu, kwenye mji wa babu yake, wakamzika kati ya zizi na shamba la tumbaku. Alikuwa kidato cha pili.

Baada ya hapo fundi akapiga simu kwamba kazi imekamilika. Maige akamwambia alete. Martina hakuulizwa, na hata angeulizwa hakujua angejibu nini.

Siku ya mazishi wanawake wawili walimshika mikono, mmoja kila upande, wakisubiri aanguke. Hakuanguka. Aliangalia udongo ukirudi shimoni na akagundua kwamba mmoja wa wale waliokuwa wakifukia alivaa kandambili za rangi mbili tofauti. Alilifikiria jambo hilo mpaka mwisho wa ibada. Watu walisema mama ana moyo wa chuma. Shangazi mmoja alisema huyo hajaelewa bado, mwacheni, itakuja tu. Haikuja. Alirudi mjini, akafua, akapika, akaitikia pole za watu kwa "nashukuru," na chakula alichopika alikila kama mtu anayejaza gunia.

Maige alikuwa na mashine mbili za kusaga mawe ya dhahabu, makarasha, nje kidogo ya mji. Zamani alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa alizungumza mezani bila kukoma, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ya samaki: maji ya bomba yakae muda gani mpaka dawa yake iishe, furu wa aina gani hupigana, pampu ya hewa ikizimika umeme ukikatika itakuwaje. Martina alisikiliza. Sauti ilimpitia kama redio ya jirani.

Vijana walilipandisha tangi kwa ngazi za nje, hatua kwa hatua, mpaka sebule ya juu. Walipokuwa wanapumzika kabla ya kuliingiza chumbani kwa Nelly, Abdulshakur akapanda ngazi nyuma yao. Alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa nyumba hiyo na rafiki wa Maige tangu walipokuwa wote Kahama. Alikuwa anapita barabarani, akaona Fuso na kioo.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Salama. Karibu."

"Maige, hili likijaa litabeba lita ngapi?"

"Mia nane na ushee."

Abdulshakur alilitazama tangi kutoka pembe mpaka pembe. Aliingia chumbani kwa Nelly, na Maige akamfuata. Martina alibaki mlangoni. Hakuwa ameingia chumba hicho tangu msiba. Hakukikwepa, ila hakuwa na la kufanya humo.

Zamani hakikuwa chumba, kilikuwa roshani ya mbele, inayoning'inia juu ya barabara. Nelly alipoanza kulala wiki nzima kwa maumivu, aliomba awe anaona watu. Maige akaizungushia roshani tofali, akaweka madirisha matatu na kitanda.

"Nikueleze kitu unachokijua," Abdulshakur alisema. Aligonga sakafu kwa kisigino. "Hapa chini hakuna ukuta. Hakuna nguzo. Zege hili limetoka nje kama mkono ulionyooshwa, na linashikiliwa na bega tu. Wakati ule nilikuomba uzungushie alumini na kioo, kitu chepesi. Ukaweka tofali. Mkono tayari umebeba zaidi ya tulivyoupangia."

"Umebeba miaka minne."

"Ndiyo. Sasa lita moja ya maji ni kilo moja. Weka na kioo, weka mchanga, mawe, meza ya chuma. Ni zaidi ya tani. Ng'ombe wanne wakubwa wamesimama mahali pamoja, Maige, mchana na usiku, mwaka mzima. Ng'ombe angalau husogea."

Maige alitazama nje ya dirisha. "Nilimwahidi atawaona akiwa kitandani."

"Kitanda hakina mtu," Martina alisema.

Alilisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Wanaume wawili waligeuka wakamtazama, na mmoja wa vijana kule sebuleni akatoka akaenda kusimama kwenye ngazi. Martina naye alilisikia alilolisema. Alisubiri kuona kama litamuuma. Halikumuuma.

Abdulshakur aliwatoa taratibu, akatembea ghorofa nzima huku akipima kwa futi yake na kuugonga ukuta. Mwishowe akasimama chumbani kwa Maige na mkewe, akaweka kiganja kwenye ukuta wa ndani.

"Hapa. Chini ya mstari huu kuna bimu ya zege, na chini ya bimu kuna ukuta wa stoo yenu mpaka kwenye msingi. Tangi likae sambamba na ukuta, limeugusa kabisa. Uzito utashuka moja kwa moja ardhini. Hata mkitaka kucheza ngoma mbele yake, mtacheza."

"Chumbani kwetu tufanye nini na samaki?" Maige aliuliza.

"Hilo siyo la uhandisi. Kesho naenda Kagongwa, kuna ghala nalijenga kule. Nikirudi Jumamosi tutaliweka wote. Mpaka hapo lisiingie maji. Nimeeleweka?"

Maige alisema ameelewa.

Chini ya roshani ile, sehemu ya mbele ya nyumba, kulikuwa na duka la ushonaji. Mpangaji wake, Mwaisha, alikuwa mwanamke wa Tabora aliyekuja Geita akimfuata mume mchimbaji, akabaki na cherehani na watoto baada ya mume kwenda machimbo mengine asirudi. Alishona sare za shule. Siku za Ijumaa alifunga saa sita akaenda nyumbani, lakini Ijumaa ya wiki hiyo shule moja ilikuwa inangoja sketi zake, kwa hiyo alibaki.

Martina alitoka sokoni na kikapu cha mchicha na dagaa. Alipita dukani kwa sababu Mwaisha alimwita.

"Mama Nelly, njoo uone. Hii chokaa inatoka wapi?"

Kitambaa cha bluu kilichokuwa mezani kilikuwa na unga mweupe. Mwaisha alikipangusa, na unga mwingine ukashuka polepole ukatua pale pale. "Na mlango huu wa geti umekataa kufunga tangu muda ule. Nimeuvuta mpaka mkono unauma."

Martina akaketi kwenye benchi la wateja, akainua macho. Pale dari ya zege ilipokutana na ukuta wa nyumba palikuwa na mstari. Haukuwepo asubuhi. Ulikuwa mwembamba kama uzi na ulitambaa kutoka upande mmoja wa duka mpaka katikati. Juu ya dari aliisikia sauti ya maji yakimiminika ndani ya maji.

Alielewa. Alielewa yote kwa mara moja, kwa utulivu, kama mtu anayesoma bango la barabarani. Maige amelihamisha tangi. Maige analijaza. Mkono ulionyooshwa umechoka, na yeye amekaa chini yake na kikapu mapajani.

Hakuinuka. Baadaye, alipojaribu kulieleza jambo hili, hakuweza. Hakutaka kufa, hilo alikuwa na hakika nalo. Ni kwamba benchi lile na barabara ile ng'ambo vilikuwa sawa kwake, na mwili haukuona sababu ya kutoka hapa kwenda pale. Aliuangalia mstari ukifika kwenye taa. Ukaipita.

"Ni kitu kibaya?" Mwaisha aliuliza.

Martina hakujibu. Mwaisha alimwangalia usoni, akaona mama mwenye nyumba ametulia tuli, akaridhika. "Basi nilidhani labda kuna tatizo," alisema. Akakung'uta kitambaa, akavuta kiti chake karibu na cherehani, chini kabisa ya ule mstari, akainama kutunga uzi kwenye sindano.

Shingo yake ilikuwa wazi. Kulikuwa na chembe ya chokaa juu yake, nyeupe, karibu na mkufu.

"Mwaisha, toka nje."

"Nimalizie hii moja."

"Toka nje sasa hivi. Acha cherehani."

Sauti haikuwa kubwa, lakini Mwaisha alisimama bila kuuliza, na Martina akamshika mkono akamvusha mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe cha bodaboda. Aliwaambia madereva wasimruhusu mtu kupita chini ya roshani ile, wala yeye Mwaisha asirudi hata akisahau pochi. Kisha akapanda ngazi za nje. Aliitazama miguu yake ikipanda kama miguu ya mtu mwingine aliyemtangulia ngazini.

Chumbani kwa Nelly tangi lilikuwa limesimama juu ya meza yake ya chuma, sambamba na madirisha, kule mwisho kabisa. Maji yalikuwa yamepita nusu. Mpira uliingia kupitia mlangoni kutoka simtanki la maji la juu ya paa, na Maige alikuwa amekaa kwenye kitanda cha binti yake, juu ya godoro lisilo na shuka, mikono katikati ya mapaja.

Martina hakuingia. Alikunja mpira mkononi pale ulipopita karibu na mlango, maji yakakatika.

"Sakafu inapasuka kwa chini."

"Najua," Maige alisema. "Dirisha lile limekataa kufunguka. Nimesikia na mlio."

"Na umekaa."

"Nilitaka lijae tu. Lijae, nilione, halafu ningeyatoa."

Alisema bila kuinua uso, na Martina alitambua sauti hiyo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Wiki zote hizo alidhani mumewe anaongea kwa sababu anaumia na yeye ananyamaza kwa sababu haumii. Kumbe walikuwa wamekaa mahali pamoja, mmoja akiwa na kelele.

"Mwaisha alikuwa chini."

Maige akainua uso. "Leo Ijumaa. Ijumaa anafunga."

"Leo hakufunga. Alikuwa amekaa hapo hapo, chini ya miguu yako. Anashona."

Maige alisimama ghafla, na Martina akamwambia asikimbie, atembee karibu na ukuta wa nyumba, aje. Akaja. Alipofika mlangoni alikuwa anapumua kwa mdomo. Walimpigia Abdulshakur akiwa Kagongwa, wakaweka sauti ya simu nje ili wamsikie wote wawili.

"Msilisukume tangi," alisema. "Msiingie wote. Maji yatoke kwa mpira tu, taratibu, yamwagike mbali na duka. Mimi natoka huku sasa hivi."

Maige alipanda paani akafunga koki, akakata kipande kirefu cha mpira. Martina ndiye aliyeingia, kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko mumewe. Alipita pembeni, akazamisha ncha moja ndani ya tangi, akarudi mlangoni na ncha nyingine, akaivutia mdomoni mpaka maji yakamjaa, akatema, akamkabidhi Maige. Wakaushusha mpira kwenye ngazi za nje mpaka kwenye mtaro. Kisha wakaketi kwenye ngazi ya juu, bega kwa bega, wakishika mpira usiruke, na maji yakashuka mchana wote. Barabarani watu walikusanyika kwenye kijiwe cha bodaboda wakitazama juu.

Abdulshakur alifika jua likiwa bado liko, na gari la mirunda nyuma yake. Walisimamisha mirunda dukani kwa Mwaisha, imara, kutoka sakafuni mpaka darini, mmoja karibu na mwenzake, mpaka duka likafanana na shamba la miti. Ndipo akaruhusu tangi tupu litolewe. Hakumgombeza Maige. Alipomaliza alinawa mikono, akasema, "Tofali zile zitoke zote wiki hii," akaondoka.

Aliyemgombeza alikuwa Mwaisha. Alipanda juu kesho yake asubuhi, akakataa chai, akasimama.

"Baba Nelly, mimi nimelia na nyie hapa. Nimepika kwenye msiba wenu. Ila nina watoto watatu, na jana ningekufa nashona sketi."

"Ni kweli," Maige alisema. "Nisamehe, Mwaisha."

"Nitasamehe. Leo bado." Akageuka kwa Martina. "Na wewe dada, ulikaa pale. Uliona, ukakaa."

"Nilikaa," Martina alisema.

"Kwa nini?"

Mwaisha alimtazama muda mrefu, kisha akamshika kiwiko, akakibinya kidogo, akashuka ngazi. Walimhamishia duka upande wa pili wa nyumba, kwenye chumba kilichokuwa cha kukodisha, na mafundi wakaanza kazi mbele.

Kazi ilichukua muda. Zilimwagwa nguzo mbili za zege chini ya roshani, tofali zikabomolewa, mahali pake pakawekwa alumini na kioo kutoka sakafuni kwenda juu. Chumba kikawa na mwanga ambao hakikuwahi kuwa nao.

Siku ya kuliweka tangi Abdulshakur alikuja mwenyewe asubuhi. Waliondoa kabati na kitanda kikubwa kutoka ukuta wa ndani wa chumba cha wazazi. Aliweka ubao mzito sakafuni ili miguu ya meza isibonyeze sehemu chache, akaweka meza, akaweka pima maji juu yake na kuchomeka vipande vya bati mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati. Juu ya meza akatandaza sponji jembamba, kioo kisikutane na chuma. Vijana wakaliinua tangi, wakalishusha. Halafu akaagiza maji yaingie robo, yasimame. Alishuka stoo na Maige, wakaangalia chini ya bimu kwa tochi, wakafungua na kufunga mlango wa stoo, wakapanda. Robo nyingine. Wakashuka tena. Martina alishika mpira na kufungua koki alipoambiwa. Ilipofika jioni tangi lilikuwa limejaa, na mlango wa stoo ulifunga kama kawaida.

Furu walikuja wiki iliyofuata kutoka Mwanza, ndani ya mifuko yenye hewa. Maige aliiacha mifuko ielee juu ya maji kwanza, kama alivyosoma, ndipo akaifungua. Samaki wakatoka wakajificha nyuma ya mawe. Alipiga magoti mbele ya kioo akawasubiri. Walipoanza kutoka, mmoja wa bluu kwanza, Maige aliweka paji la uso kwenye kioo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Tangu Ushetu alikuwa ameongea tu, hakuwa amelia.

Martina alisimama nyuma yake. Aliweka kiganja mgongoni kwake. Shati lilikuwa limelowa jasho na mgongo ulikuwa wa moto, na aliuhisi moto huo ukimwingia mkononi, akauacha mkono pale mpaka alipomaliza.

Ikabaki habari ya kulala. Kitanda chao kilikuwa sebuleni tangu siku ile, kimeegemezwa ukutani, na wao walikuwa wanalala kwenye godoro. Chumbani hakikuenea tena: tangi lilikuwa limechukua ukuta wote, na pampu ilinguruma.

"Tununue kitanda kidogo," Maige alisema. "Au tulale sebuleni moja kwa moja."

"Tulale kwa Nelly," Martina alisema.

Maige alimtazama kama mtu asiyejua amesikia vizuri. "Injinia alisemaje kuhusu kile chumba?"

"Alisema sasa kinabeba watu na kitanda na kabati. Nilimuuliza."

Walikihamisha kile kitanda kidogo cha binti yao kikaenda stoo, na kikubwa wakakiingiza vipande vipande na kukiunga humo ndani, mchana, madirisha yakiwa wazi. Martina alitandika shuka. Kisha akajilaza juu yake na viatu vyake, aone kama kiko sawa. Kutoka kwenye mto aliona kile ambacho Nelly alikuwa anakiona: kijiwe cha bodaboda, mama wa maandazi akifunika beseni, mwanamke aliyeinamisha shingo kumsikiliza mtoto, barabara ya vumbi ikipanda kuelekea makarasha. Vilikuwa vitu vya kawaida. Alivitazama kimoja kimoja, na alipofika kwa yule mtoto akajikuta anataka kujua anasema nini.

Maige alikuwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi. "Kinapiga kelele?"

"Hakipigi. Njoo."

Akaja, akaketi ukingoni kwa tahadhari, kama anayejaribu sakafu, kisha akainua miguu.